Analia Nini Huyu?

Mtoto wa mwaka mmoja akianguka uani halii papo hapo. Huinua uso kwanza akatafuta mtu. Akimkuta mama kashika kifua, "Uwii, mwanangu!", hapo ndipo kilio kinapotoka, cha kusikika mtaa wa pili. Akimkuta bibi anaendelea kuchambua mchele, "Pole baba, inuka," anajipangusa mikono na safari inaendelea. Kila aliyelea amekiona kitu hiki, na wengi hukiita deko. Mimi naona ni swali. Mtoto amepatwa na jambo, bado hajajua ni la uzito gani, anatuuliza sisi kwa macho.

Mwaka 1985 watafiti wa Marekani, James Sorce na wenzake, walilipima swali hilo kwa meza ya kioo. Meza ya namna hiyo ilibuniwa zamani kidogo na Eleanor Gibson na Richard Walk wa Chuo Kikuu cha Cornell: upande mmoja unaonekana imara, upande wa pili ni kioo kitupu na chini yake panaonekana shimo. Safari hii shimo lilifanywa fupi, la kutia shaka tu, si la kutisha. Watoto wa miezi 12 walitambaa hadi ukingoni, wakasita, wakamtazama mama aliyekuwa upande wa pili. Kina mama walikuwa wameelekezwa waweke uso wa aina moja bila kusema neno. Kati ya watoto 19 walioona uso wa furaha, 14 walivuka. Kati ya 17 walioona uso wa hofu, hakuvuka hata mmoja.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali hapa Tanga. Watoto wanaokuja kwangu wana miaka minne, mitano, wachache sita, na nusu ya kazi yangu ya kutwa ni kusuluhisha vilio. Katika kazi hii kuna jambo moja limenikaa kichwani kuliko mengine yote. Watoto hawajifunzi hisia kwa kuangalia nyuso, kama wengi tunavyodhani. Hujifunza kwa visa. Uso wa mama unatosha kumwambia mtoto kwamba hapa pana hatari. Haumwambii kwa nini mtu mmoja ameona hofu na mwingine hasira, wala kwa nini shangazi anachekeshwa na jambo lililomliza mjomba. Hayo mtoto anayapata kwa kuunganisha: kilitokea hiki, fulani akawa vile.

Darasani kwangu kuna chati ya nyuso, zile zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule. Furaha hawakosei. Huzuni na hasira wanazichanganya. Wakifika kwenye uso wa hofu, macho yamemtoka mtu na mdomo uko wazi, majibu ni "anaimba", "anamwita mama yake", "jino linamuuma". Lakini niiache chati niseme: mtoto katumwa dukani, kumbe mbwa wa jirani kafunguliwa, anakuja mbio. Darasa zima linaitikia "Anaogopaaa!", na lazima atokee mmoja wa kusimulia jinsi kaka yake alivyoruka ukuta siku ile.

Nilifurahi sana nilipokuja kusoma kwamba watafiti James Russell na Sherri Widen wa Boston College, Marekani, wamekuta jambo hilohilo kwa watoto wa kwao. Mtoto mdogo huanza na mafungu mawili tu, kujisikia vizuri na kujisikia vibaya, kisha polepole anayagawa. Na katika hisia kama hofu, kinyaa na aibu, ukimsimulia kisa anaijua hisia mapema kuliko ukimwonyesha picha ya uso. Hata kwa watu wazima uso si kitabu kilichofunguliwa kwa kila mtu. Maria Gendron na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, waliwapa Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi visa vya hisia na picha za nyuso wachague upi unafuata kisa kipi. Mara nyingi hawakuchagua nyuso ambazo Wamarekani wangezichagua. Hakuna mtu aliyewahi kuishi na Wahadzabe atakayesema hawajui hofu au furaha ni nini. Picha tu ndizo hazikuwaambia kile zinachowaambia Wamarekani.

Sasa visa vyenyewe ndivyo vyenye mambo.

Krismasi moja, kwa kaka yangu kule Muheza, alichinjwa jogoo aliyekuwa amelelewa na mtoto wake wa miaka sita tangu akiwa kifaranga. Jogoo huyo alikuwa akimfuata mtoto hadi mlangoni pa choo. Mchana wageni wamejaa sebuleni, pilau linashuka, mtoto kakaa nyuma ya jiko la nje analia kimyakimya, kamasi na machozi pamoja. Mdogo wake, ambaye hata miaka mitatu alikuwa hajafika, akamwona. Akasimama akimwangalia. Kisha akaingia ndani, akachukua kipaja kwenye sahani ya mama yake, akakibeba kwa mikono miwili hadi nyuma ya jiko. "Kula," akamwambia. Mkubwa akampiga kofi.

Mama yao alipofika alikuta mdogo anapiga mayowe na nyama iko mchangani. "Mwenzako anakuletea chakula unampiga? Una nini wewe?" Mkubwa hakusema kitu. Alikuwa na la kusema, ila hakuwa na namna ya kulipanga likatoka.

Nimekifikiria kisa hiki mara nyingi, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa ameona kilio, na kila mmoja alikipa sababu yake. Mdogo alimwona kaka anaumia, na alijua kuumia kunaponywa, hilo si jambo dogo kwa umri ule. Sababu ndiyo aliyoitafuta tumboni mwake mwenyewe. Yeye akilia, mara nyingi ni njaa, na nyama humnyamazisha. Mama aliona kofi, akaipata sababu kwenye tabia. Dada yao wa miaka tisa peke yake ndiye aliyekuja akakaa karibu na kaka yake, akasema, "Ulikuwa hutaki wamchinje."

Watafiti wana jaribio linalofanana kidogo na kipaja kile. Mwaka 1997 Betty Repacholi na Alison Gopnik, kule California, waliweka mbele ya mtoto sahani mbili, moja ya biskuti za chumvi na nyingine ya brokoli mbichi. Watoto karibu wote walipenda biskuti. Kisha mtafiti akaonja mbele yao, akaifurahia brokoli na kuonyesha kinyaa kwa biskuti, halafu akanyoosha mkono aombe. Watoto wa miezi 14 walimpa biskuti, kile wanachokipenda wao. Wa miezi 18 walimpa brokoli. Ndani ya miezi minne hivi mtoto amekwisha kuona kwamba mwenzake anaweza kutamani kitu ambacho yeye hakitaki, na kwamba furaha ya mwenzake inafuata matamanio ya huyo mwenzake.

Mbona basi yule mdogo wa kwa kaka yangu, aliyewapita hao kwa umri, alileta nyama? Nadhani ni kwa sababu mtafiti yule alionyesha matamanio yake waziwazi, kwa uso na sauti, dakika ileile. Mapenzi ya mtoto kwa jogoo yalikuwa yamejengwa asubuhi baada ya asubuhi, kwa pumba na makombo ya ugali, na mdogo hakuwa amepata kuyaona kama kitu kinachoweza kumliza mtu. Sababu nyingi za hisia za watu ziko hivyo, hazionekani mezani.

Na ziko nyingine zinazotoka nyuma kabisa. Siku chache baadaye mtoto yuleyule aliliona lile kopo la rangi lililokatwa, alilokuwa akimwekea jogoo maji, akaangua kilio upya. "Analia nini huyu, kopo?" akauliza mjomba mmoja. Kristin Lagattuta na wenzake walichunguza hasa jambo hili mwaka 1997. Waliwasimulia watoto visa vya namna hii: msichana ana sungura, mbwa anamfukuza sungura asionekane tena, siku nyingi baadaye msichana anamwona mbwa yule na anahuzunika. Kwa nini sasa hivi? Watoto wa miaka mitatu wengi hawaoni uhusiano. Kati ya minne na sita wanaanza kusema: kwa sababu mbwa amemkumbusha sungura wake. Hiyo ni hatua kubwa. Hadi hapo sababu ya machozi ilikuwa kitu kilicho mbele ya macho, na sasa mtoto anajua kwamba wazo peke yake, la jambo lililokwisha kupita, laweza kumliza mtu aliyekuwa anacheza vizuri.

Ukitaka kujua mtoto mdogo anajua kiasi gani, usimhoji. Mwangalie anapochokoza. Judy Dunn, mtafiti wa Uingereza, alikaa ndani ya nyumba za watu huko Cambridge miaka ya 1980 akiwatazama ndugu wakiishi maisha yao ya kila siku. Aliona kwamba hata kabla ya kutimiza miaka miwili, mtoto aliyegombana na ndugu yake anajua kwenda moja kwa moja kwenye kile kitu ambacho ndugu huyo anakipenda kuliko vyote, akakificha au akakiharibu. Kina mama wa kwetu hawahitaji kuambiwa hili. Mtoto ambaye hawezi hata kutamka "hasira" anajua kabisa kwamba akilikanyaga gari la waya la kaka yake, patawaka. Ule uchokozi tunaoukaripia ndio mtihani wake, anapima kama sababu aliyoikisia kweli inaleta matokeo. Sisemi tuusifu. Nasema unaonyesha akili inayofanya kazi.

Mambo yanakuwa magumu pale hisia inapotegemea kile ambacho mtu anadhani, si kile kilichopo. Darasani nina hadithi yangu ninayoitunga upya kila mwaka: Sungura amechoka, jua kali, anaona pango lenye kivuli, anaingia apumzike. Hajui kwamba Fisi amejibanza ndani. Ninasimama hapo. Je, Sungura anajua Fisi yumo? "Hajuiii!" Haya, Sungura anapoingia anajisikiaje? "Anaogopaaa!" Kwa nini? "Kwa sababu Fisi atamla!"

Ni watoto walewale, pumzi ileile. Wanajua kwamba Sungura hajui, na bado wanampa hofu ya kile asichokijua, kwa sababu hofu ni yao wao wanaomwona Fisi. Paul Harris na wenzake wa Oxford walilionyesha hili mwaka 1989 kwa kisa cha tembo anayependa soda na si kitu kingine. Nyani mtukutu akamwaga soda yote, akajaza maziwa kwenye kopo lilelile. Tembo anarudi na kiu, analiona kopo. Kabla hajaonja, amefurahi au amehuzunika? Watoto wa miaka minne wengi wanasema amehuzunika. Wa miaka sita wengi wanasema amefurahi, kwa sababu anadhani ni soda. Na mtoto anaweza kujua tembo anadhani nini muda mrefu kabla hajaweza kusema tembo anajisikiaje. Fikra ya mwenzake ameikamata, moyo wa mwenzake bado anaujaza kwa moyo wake.

Kuna mtu atasema hayo ni ya watoto wa Wazungu, waliokulia kwenye vitabu vya picha. Ndiyo maana utafiti ninaoupenda kuliko wote ulifanyika msituni, kusini-mashariki mwa Kameruni, kwa Wabaka, watu waliokuwa wakiishi kwa kuwinda na kukusanya matunda ya porini. Jeremy Avis na Paul Harris waliuchapisha mwaka 1991. Hapakuwa na tembo wa kuchezea wala nyani. Mtu mzima wa palepale kijijini alikuwa akipika kokwa za embe pori, chakula kinachopendwa sana, mtoto akiwa kando. Mtu huyo anasema anatoka kidogo, anaondoka. Mtu mzima mwingine, naye Mbaka, anamwambia mtoto: hebu tuzifiche tumwone. Kokwa zinatolewa chunguni, zinafichwa pengine, kifuniko kinarudishwa. Halafu anaulizwa. Akirudi atatafuta wapi? Kabla hajafunua chungu, moyo wake utakuwa mzuri au mbaya? Akishafunua je?

Watoto wengi wa miaka kama mitano na kuendelea walijibu sawasawa: atatafuta chunguni, moyo wake utakuwa mzuri kabla ya kufunua, utakuwa mbaya baadaye. Wadogo zaidi walibabaika. Naona mpangilio ule ulikuwa wa hekima kubwa, kwa sababu kisa kilikuwa cha maisha yao, mtoto mwenyewe alishiriki kumfanyia mtu hila, na aliyemuuliza alikuwa mtu wake anayemfahamu. Mtoto asiyeujua mtihani wa karatasi alionyesha kwamba anajua furaha ya mtu inaweza kukaa juu ya jambo ambalo si kweli. Tangu nisome habari ile sitoi tena kisa cha Sungura peke yake. Nawaita wawili mbele, tunaficha andazi la mmoja aliyetumwa kuleta chaki, tunamsubiri wote, na nauliza kabla hajagusa mfuko wake. Wanaokosea kwa Sungura, baadhi yao hapo wanapata.

Nikishataja andazi, kuna jambo linalowaogopesha wazazi na walimu bila sababu. Muulize mtoto wa miaka minne: mtoto kaiba andazi la mwenzake, hakuna aliyemwona, anajisikiaje? "Anafuraha." Kwa nini? "Kwa sababu andazi tamu." Gertrud Nunner-Winkler na Beate Sodian, watafiti wa Ujerumani, walikuta hivyo mwaka 1988 katika visa vya mtoto aliyeiba pipi za mwenzake. Wengi wa miaka minne walisema mwizi amefurahi, ilhali wengi wa miaka minane walisema anajisikia vibaya. Wadogo wanajua kabisa kuiba ni vibaya, ukiwauliza hilo watakwambia. Ila kwao furaha bado ni hesabu ya kutaka na kupata: alitaka, kapata, kafurahi. Kwamba mtu anaweza kupata alichotaka na moyo ukamsuta, hiyo ni sababu ya ndani zaidi na inachukua miaka. Nimewasikia watu wazima wakimwambia mtoto wa jibu hilo kwamba ana roho mbaya, na inaniuma. Mimi humgeuzia upande wa pili: na mwenye andazi, akifungua mfuko wake? Hapo hesabu inakuwa na watu wawili.

Mgumu kuliko yote ni moyo wenye mambo mawili kwa wakati mmoja. Nyumbani ninaishi na mtoto wa dada yangu, ananiita mama mdogo. Mama yake anafanya kazi Maskati. Ijumaa simu ikilia, uso wa dada ukatokea kwenye kioo, mtoto anacheka, anaonyesha daftari, anaonyesha pengo la jino, halafu ghafla anaitupa simu juu ya mkeka na kukimbilia chumbani. Bibi yake alikuwa akishangaa sana. "Mama yako kapiga, hiyo ni furaha. Unalia nini?" Mtoto naye hakuwa na jibu, kwa sababu alikuwa anakubaliana na bibi yake: kupigiwa na mama ni furaha.

Mtafiti Susan Harter wa Denver, Marekani, aliyachunguza haya miaka ya 1980. Watoto wadogo wanakataa kabisa kwamba mtu anaweza kuwa na hisia mbili. Baadaye wanakubali, lakini kwa zamu, kwanza hii kisha ile. Karibu na miaka kumi ndipo wanapoeleza vizuri kwamba jambo moja, au mtu mmoja, anaweza kukufurahisha na kukuumiza papo kwa papo. Francisco Pons, Harris na Marc de Rosnay, walipowapima watoto wa Uingereza wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja mwaka 2004, nao walizikuta hisia mchanganyiko katika kundi la mwisho kueleweka, pamoja na kujua kwamba mtu anaweza kuutuliza moyo wake kwa kubadili anachokifikiria.

Lakini kuishi nazo mtoto anaanza mapema mno kuliko kuzielewa. Huyu wangu alikuwa na miaka sita. Siku moja nilimwambia, simu ikishakatwa: "Umefurahi kumwona mama, na umeumia kwa sababu ukimwona unakumbuka kwamba hayupo. Yote mawili ni kweli." Akaniangalia muda. "Na nina hasira na ile duara inayozunguka," akasema. Ile ya mtandao ukiwa mbovu, uso wa mama yake unapoganda katikati ya neno. Ilikuwa sababu ya tatu, ambayo mimi sikuifikiria, na yeye ndiye aliyekuwa anaijua.

Siku hizi ushauri wa malezi unaozunguka kwenye simu unasema mpe mtoto jina la hisia. "Umekasirika. Una huzuni." Si vibaya. Ila mimi naona jina likija peke yake halimsaidii sana mtoto, na katika hilo malezi ya kwetu yana kitu ambacho hatukithamini vya kutosha. Mtoto akija analia, swali la kwanza la bibi ni la sababu: Nani kakupiga? Umenyang'anywa nini? Umeanguka wapi? Mtoto anasimulia huku anakwikwi, ndugu anasahihisha, "Muongo, yeye ndiye alianza", na kesi inasikilizwa. Humo ndimo elimu ilimo. Dunn na wenzake walikuta kwamba watoto ambao wakiwa na miaka mitatu nyumbani kwao yalizungumzwa zaidi mambo ya nani kajisikiaje na kwa nini, walipofika miaka sita walielewa zaidi hisia za watu wengine. Na mazungumzo hayo yalizuka hata katikati ya ugomvi.

Kinachoniudhi ni "Nyamaza!" inayokuja kabla kesi haijasikilizwa. Na kwa wavulana, "Mwanaume halii." Mtoto wa miaka mitano ndiyo kwanza anaanza kujua kwamba mtu anaweza kuonyesha uso tofauti na moyo wake, na tayari tunamtaka afiche kitu ambacho hajapata nafasi ya kujua kimetoka wapi.

Lakini pale tunapowanyima watoto sababu kuliko popote ni msibani. Baba yetu alipofariki, watoto walipelekwa kwa jirani, kama desturi ilivyo, wakaambiwa babu amesafiri. Nyumba ikajaa kanga na mikeka, watu wazima wanaanguka kilio, halafu wanacheka wakipika, halafu wanalia tena. Mtoto anaona matokeo tupu, hana kisa. Na mtoto asiyepewa kisa hukitunga, tena hukitunga kwa kile kidogo alichonacho mkononi. Yule wa jogoo alimuuliza jirani babu kapanda basi gani. Mdogo wake hakuuliza chochote. Baada ya matanga ndipo alipomwambia dada yake kwamba mama analia usiku kwa sababu yeye alimwaga mafuta ya kupikia. Mafuta yenyewe yalimwagika wiki ile, ni kweli. Mama yake alikuwa hata amesahau.

Kaka yangu aliwakalisha wote kwenye mkeka siku hiyohiyo. Akawaambia babu amekufa, mwili wake ulikuwa mgonjwa ukashindwa, amezikwa pale chini ya mnazi, hatarudi. Mama analia kwa sababu alimpenda babu na anamkumbuka. Mafuta hayahusiki, yamwagike hata ndoo nzima. Mdogo alitaka hilo la mafuta lirudiwe, likarudiwa. Mkubwa akauliza ni nani sasa atakamua mbuzi, akajibiwa ni baba mdogo. Wakauliza kama babu anasikia baridi, wakajibiwa kwamba aliyekufa hasikii baridi.

Wameendelea kuuliza, mara nyingi wakati usiotarajiwa, kwenye daladala, katikati ya kula. Nyumba nzima tumekubaliana jibu liwe lilelile, kwa bibi, kwa kaka, kwangu mimi wanapokuja Tanga likizo, wasije wakapewa safari kwa huyu na kifo kwa yule.